Profesa wa Watambaazi na Mnyororo wa Wanafunzi Wake

Katika miji yetu, mtu akitaka kuujua uzito wa elimu ya mwalimu huuliza mambo mawili: amesoma kwa nani, na nani wamesoma kwake. Swali la kwanza huonyesha chemchemi. La pili huonyesha kama maji yalifika shambani. Mwalimu mwenye vitabu vingi lakini asiye na mwanafunzi hata mmoja, aghalabu elimu yake huzikwa pamoja naye. Juma hili tumeona vema kuitumia mizani hiyo hiyo kumpima mwalimu wa elimu ambayo kwa kawaida haizungumzwi katika kurasa za familia: elimu ya nyoka, mamba, kenge, kinyonga na mijusi.

Sisi wakazi wa Mkongo hatuna haja ya kuelezwa kwa nini elimu hiyo inatuhusu. Upande wa machweo ipo nchi ya wanyamapori. Upande wa mawio Mto Rufiji hugawanyika na kuwa delta yenye misitu mikubwa ya mikoko. Katikati tupo sisi, na mashamba yetu ya mpunga na mahindi, na akina mama wanaoteremka mtoni na ndoo. Ni nadra kumkuta mzee wa hapa asiye na jina la jamaa au jirani aliyejeruhiwa na mamba, au aliyeumwa na nyoka akiwa shambani. Kwa hiyo anapotokea mtu aliyetumia umri wake kuwasoma viumbe hao, na akawafundisha vijana wa nchi hii kuwasoma, habari zake ni habari zetu.

Mwalimu aliyebaki

Mtu huyo ni Profesa Kim Howell, Mmarekani kwa kuzaliwa, aliyefundisha zoolojia, yaani elimu ya wanyama, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo mingi. Fani yake kubwa ni wanyama watambaao, ambao vitabu vya shule huwaita reptilia, pamoja na vyura na jamaa zao.

Ili kuipima kazi yake, yafaa tukumbuke hali ilivyokuwa kabla yake. Nchi hii haikukosa wageni waliowapenda nyoka. Mwingereza Arthur Loveridge alihudumu Tanganyika katika idara ya wanyamapori, akakusanya mijusi, nyoka na vyura wengi, kisha mwaka 1924 akahamia Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, ambako aliandika sana juu ya viumbe wa Afrika Mashariki. Baada yake alikuja C. J. P. Ionides, ofisa wa wanyamapori aliyekaa miaka mingi Liwale, kusini mwa mto wetu. Watu walimwita Bwana Nyoka, kwa kuwa aliwakamata nyoka kwa maelfu na kuwapeleka katika makumbusho na bustani za wanyama za ng'ambo. Alifariki mwaka 1968.

Hatupunguzi haki ya wawili hao. Hata hivyo, sehemu kubwa ya matunda ya kazi yao ilipanda meli. Kijana wa Rufiji aliyetaka kujua jina la kitaalamu la mjusi wa ukutani kwao, ilimbidi asome kitabu kilichoandikwa mbali kwa lugha ngumu, akitazama orodha ya wanyama walio ndani ya chupa za makumbusho ya nchi nyingine. Kulikuwa na ujuzi, lakini hakukuwa na darasa.

Chuo cha Dar es Salaam kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, darasa lilipatikana, na Profesa Howell akawa miongoni mwa waliolijaza. Mwaka 2002 yeye na wenzake Stephen Spawls, Robert Drewes na James Ashe walitoa kitabu cha mwongozo wa reptilia wa Afrika Mashariki, chenye kueleza aina zaidi ya 400 za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, pamoja na picha na ramani za mahali zinapopatikana. Toleo jipya la mwaka 2018 limekaribia aina 500. Mwaka 2006 yeye na Alan Channing walitoa kitabu kingine juu ya vyura na amfibia wengine wa ukanda huu. Mwanafunzi wa leo anaweza kukaa na vitabu hivyo mezani na kumtambua karibu kila mtambaazi anayekutana naye njiani.

Majina matatu katika ripoti moja

Lakini tulisema tutauliza swali la pili: nani wamesoma kwake, na nani walisimama pamoja naye?

Jibu lipo karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 palikuwapo Utete mradi wa usimamizi wa mazingira ya Rufiji, uliosaidiwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN. Katika kazi za mradi huo iliandikwa mwaka 2000 ripoti ya awali juu ya wanyama wa bonde la mafuriko na delta ya Rufiji. Waandishi wake ni watatu: Kim Howell, Charles Msuya na Philip Kihaule.

Tuyatazame majina hayo kwa utulivu. La kwanza ni la profesa. La pili ni la Mtanzania aliyekuwa miongoni mwa wataalamu wa mwanzo kabisa wa nchi hii katika elimu ya reptilia na amfibia, aliyefanya kazi na Howell miaka mingi. La tatu ni la fundi sanifu wa idara ya zoolojia, aina ya mtu ambaye katika ofisi nyingi hubeba mizigo, huandaa vifaa, kisha jina lake halionekani popote. Hapa limeandikwa pamoja na la profesa.

Wala heshima hiyo haikuishia katika karatasi. Wanasayansi wana desturi kwamba anayemtambulisha kiumbe asiyejulikana bado humpa jina la kitaalamu, na mara nyingine humpa jina la mtu aliyeitumikia elimu. Mwaka 1995 mjusi mdogo wa pande za Tanga alipewa jina la Kim Howell: Lygodactylus kimhowelli. Mwaka 2000 aina ya kirukanjia wadogo wenye pua ndefu, wakazi wa milima ya Udzungwa, ilipewa jina la Kihaule: Myosorex kihaulei. Na mwaka 2015 kinyonga wa milima ya kusini mwa Tanzania akaitwa Kinyongia msuyae, kwa heshima ya Charles Msuya. Na miongoni mwa waandishi waliompa jina hilo alikuwamo Howell mwenyewe.

Kwa hiyo watu watatu walioandika habari za bonde letu katika ripoti moja, kila mmoja ana kiumbe anayebeba jina lake katika vitabu vya dunia nzima, na wawili kati yao ni Watanzania. Katika madrasa zetu tunaujua mnyororo wa namna hii: mwalimu humtaja mwalimu wake, na mwanafunzi akipata ijaza jina lake huunganishwa na majina ya waliomtangulia. Mwalimu humtambulisha mwanafunzi mbele za watu, wala haoni kwamba heshima yake imepungua.

Namna mwanafunzi anavyolelewa uwandani

Huenda msomaji akauliza: mtu hufundishwaje elimu ya watambaazi? Je, hukaa tu maktabani?

La. Elimu hii haikamiliki ila kwa kutembea. Howell aliandika sura ya reptilia na amfibia katika mwongozo wa utafiti wa wanyama wa misitu ya Afrika uliotolewa mwaka 2002, na njia zinazoelezwa katika miongozo ya aina hiyo ni za jasho. Watafiti hufukia ndoo za plastiki ardhini kwa mstari, midomo ikiwa sawa na uso wa udongo, umbali wa mita chache kutoka ndoo moja hadi nyingine. Juu ya mstari husimamishwa ukuta mfupi wa plastiki. Mjusi au chura anayepita usiku hukutana na ukuta, huufuata, kisha hutumbukia ndoo. Chini ya kila ndoo hutobolewa matundu ili maji ya mvua yasiwazamishe wanyama. Kila alfajiri lazima ndoo zote zikaguliwe, mvua ikinyesha isinyeshe, maana aliyetumbukia akisahauliwa hadi jua kali, atakufa.

Usiku watafiti hutembea na tochi wakitafuta kinyonga waliolala matawini, ambao rangi yao hupauka na kung'aa katika mwanga. Kila anayeonekana huandikiwa mahali, saa, hali ya hewa, urefu wake na mti aliokutwa juu yake. Mwanafunzi asiyeandika, kwake safari nzima imekuwa matembezi.

Wasomaji waliolea watoto watatambua kuwa hayo ni malezi hasa. Mwanafunzi hujifunza kuamka mapema, kuwa mkweli katika anachoandika hata kama ndoo zote ni tupu, na kumhurumia kiumbe aliye mikononi mwake. Hujifunza pia kumsikiliza mzee wa kijiji, kwa kuwa mtafiti anayeingia Rufiji bila kumwuliza mvuvi mahali mamba wanapotaga atapoteza siku nyingi.

Wala tusidhani kwamba kuwachunguza wanyama ni jambo geni kwa Waislamu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya 9, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama; na ad-Damiri wa Misri, mwanachuoni wa fikihi aliyefariki mwaka 1405, aliwapanga wanyama kwa herufi katika kitabu chake mashuhuri. Sheria imeruhusu kumwua nyoka mwenye kudhuru, na wanazuoni wameeleza pia adabu ya kumwonya nyoka wa nyumbani kabla ya kumwua. Ruhusa ya kujilinda haikuja ili tuache kujua.

Chura wa Kihansi na maji yanayopita kwetu

Upo mfano mmoja unaoonyesha kwa nini taifa linahitaji watu wa namna hii. Katika miaka ya 1990, wakati wa maandalizi ya mradi wa umeme wa maji wa Kihansi, wataalamu walitumwa kuchunguza viumbe wa korongo la mto huo chini ya milima ya Udzungwa. Mwaka 1996 walimkuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu, urefu wake sentimita 2 hivi, ambaye hataghi mayai bali huzaa vyura wadogo waliokamilika. Aliishi katika eneo la takriban hekta 2 tu, lililoloweshwa daima na manyunyu ya maporomoko. Hakuwahi kupatikana kwingine duniani. Howell ni mmoja wa wanasayansi wanne waliomtangazia ulimwengu.

Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo mwaka 2000, manyunyu yalipungua sana. Mabomba ya kunyunyizia maji yalifungwa korongoni ili kuyafidia, na vyura 499 walipelekwa Marekani kulelewa katika bustani za wanyama. Mwaka 2003 waliobaki korongoni walipungua ghafla. Ugonjwa wa ukungu wa ngozi ulitajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa chura huyo ametoweka katika makazi yake ya asili. Lakini kizazi kilichohifadhiwa hakikufa. Mwaka 2010 baadhi walirudishwa nchini na kulelewa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya mikono ya Watanzania, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni.

Maji ya Kihansi huingia Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji. Maji yaliyomnyeshea chura yule hupita mbele ya mashamba yetu yakielekea baharini. Taifa lilihitaji umeme, na umeme ukapatikana. Lakini laiti kusingekuwa na watu waliofunzwa kutazama, kiumbe yule angepotea bila mtu kujua kwamba amewahi kuwapo.

Elimu hii inatuokoa na nini

Mkulima wa mpunga ana haki ya kuuliza: chura wa Kihansi atanisaidia nini mimi ninayemhofia koboko? Swali lake ni la haki, na jibu limo katika kile wataalamu wanachokiita ikolojia, yaani elimu ya namna kiumbe anavyoishi na vinavyomzunguka.

Mtambaazi hawezi kuupasha mwili wake joto kama sisi. Hutegemea jua na ardhi. Ndiyo maana nyoka huonekana njiani asubuhi akiota jua, na usiku hulala chini ya magogo, kuni na mawe. Hufuata panya, na panya hufuata nafaka. Nyumba yenye mpunga uliomwagika, kuni zilizorundikwa ukutani na nyasi ndefu mlangoni, humwita panya, na panya humwita nyoka. Ardhi ikijaa maji, kama ilivyokuwa katika mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti, watambaazi nao huhama kutafuta mahali pakavu, pale pale tunapokimbilia sisi. Kifutu, ambaye wengine humwita bafe, hakimbii anaposikia hatua. Hutulia akitegemea rangi yake, ndiyo maana hukanyagwa. Anayeyajua haya hutembea usiku na tochi, huvaa viatu vya kufunika mguu, na huweka kuni mbali na mlango.

Vivyo hivyo mamba. Huvizia palepale mawindo yanapokuja kila siku, na anaweza kuizoea ratiba ya mtu. Jike hutaga mayai kwa makumi katika mchanga wa ukingo, huyafukia na kuyalinda kwa takriban miezi mitatu. Wakati huo humkabili yeyote anayesogea. Elimu hiyo inatufundisha kuepuka kuchota maji mahali pamoja kila siku kwa saa ile ile, hasa alfajiri na jioni. Kuzungushia uzio wa miti imara mahali pa kuchotea. Na zaidi ya yote, kuchimba visima ili mama asilazimike kwenda mtoni.

Na mtu akiumwa na nyoka, tunawaomba wasomaji wayashike haya. Atulizwe, asitembee wala kukimbia. Avuliwe pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe. Kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye ubao au kijiti ili kisichezecheze, bila kukaza. Asichanjwe wembe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza, asiwekewe jiwe jeusi na kungojewa. Sumu ikirushwa machoni, yaoshwe kwa maji mengi safi. Kisha apelekwe hospitali haraka kwa usafiri wowote uliopo. Hakuna haja ya kumfukuza nyoka ili aonyeshwe daktari. Wengi huumwa mara ya pili kwa sababu hiyo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sumu ya nyoka, na mwaka 2017 likaliingiza janga hili katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Lengo lake ni kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo halitafikiwa kwa dawa peke yake. Ni lazima ijulikane ni nyoka gani wanauma wapi, na majira gani, na kazi hiyo itafanywa vema zaidi na kijana anayeijua ardhi ya kwao.

Wito kwa wazazi

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Katika vijiji vyetu mtoto anayependa kutazama mijusi huitwa mtukutu, na binti anayechagua biolojia na kemia huambiwa anajichosha bure. Tunasema hivyo ilhali tunaishi juu ya hazina ambayo wageni huvuka bahari kuja kuisoma. Mtoto wa Mkongo anajua kenge anapotaga, anajua mlio wa chura wa kila msimu, na anajua ni bwawa gani lina mamba. Elimu hiyo anayo kabla ya kufika kidato cha kwanza. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba anachokijua ni mwanzo wa fani.

Njia yenyewe inajulikana. Biolojia hufundishwa sekondari hadi kidato cha nne. Anayefaulu huweza kuingia kidato cha tano katika tahasusi ya fizikia, kemia na biolojia, au ya kemia, biolojia na jiografia. Mbele yake vipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, na Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka kilichoanzishwa mwaka 1963. Kijana asiyefika chuo kikuu naye ana nafasi. Tumekwisha kuona kwamba jina la fundi sanifu liliandikwa katika kitabu cha viumbe sawa na la profesa.

Kwa upande wetu, kamati ya msikiti imekubaliana kwamba katika likizo zijazo, baada ya darasa la Jumamosi la madrasa, itengwe saa moja ambayo mwalimu wa sayansi wa sekondari atakaa na watoto, wa kike na wa kiume, na mvuvi mmoja mzee atakaa pamoja nao. Mzee ataeleza anayoyajua, mwalimu ataeleza sababu zake, na watoto wataandika katika madaftari. Gharama yake ni chaki na daftari. Tunaziomba kamati za vijiji vingine vya Rufiji na Kibiti zifikirie jambo kama hilo.

Mnyororo ule ulikwisha kupita katika bonde letu mara moja, ukiwa na majina matatu. Tungependa kuliona jina la nne likitoka katika mojawapo ya nyumba zetu. Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, awalinde watoto wetu mtoni na mashambani, na awalipe kheri walimu wote wanaofundisha bila kuficha. Amin.